Mwalimu wa Hesabu Haoti Kama Uyoga

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaijua sote, na twaitaja mara nyingi madukani na katika mikutano ya ushirika. Lakini ni nadra kujiuliza daftari hilo ataliandika nani, na mwandishi huyo amefundishwa na nani. Daftari halijiandiki lenyewe. Nyuma ya kila mtu ajuaye kupima, kukadiria, kuchanganya dawa au kutengeneza mtambo, yuko mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akamfungua macho. Leo twataka kumzungumzia mwalimu huyo: jinsi apatikanavyo, gharama yake, na wajibu wa Serikali katika kumsomesha.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tuchukue mahali pamoja. Guta ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Bunda, Mkoa wa Mara, ukingoni mwa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Watu wa pwani ile ya ziwa huishi kwa uvuvi, ufugaji na kilimo, na pamba ni zao la tangu zamani katika nchi hiyo. Mtu wa mjini akipita huko aweza kudhani kwamba hapo hapahitaji sayansi wala hesabu, bali nguvu za mikono tu. Atakuwa amekosea sana.

Mvuvi wa dagaa kabla hajaingia majini sharti akadirie mafuta ya injini dhidi ya ndoo anazotumaini kurudi nazo. Akikosea, usiku mzima umefanyiwa kazi mwenye kituo cha mafuta. Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za sola na betri, na betri ikifa kabla ya wakati, anayejua sababu yake ni yule aliyefundishwa umeme. Sato sasa hufugwa katika vizimba ndani ya Ziwa Victoria, nao hulishwa kwa kipimo kinachofuata uzito wao: chakula kikizidi huoza na kuchafua maji, kikipungua samaki hudumaa. Mkulima wa pamba naye hupigana na viwavi kwa dawa iliyochanganywa na maji kwa uwiano. Ikiwa hafifu mdudu hafi. Ikiwa kali humdhuru mpulizaji mwenyewe. Yote haya ni Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia, ijapokuwa hapana mtu mwaloni ayaitaye kwa majina hayo.

Mizani ilivyofundisha siasa

Nchi hiyo ya ziwa inayo sababu ya pekee ya kuiheshimu hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakinung'unika kwamba wanapunjwa mizanini na wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, pamba ikapimwa kwanza na watu wao kabla haijafika mbele ya mnunuzi. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililokuwa mbegu ya ushirika. Kwa uongozi wa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, vyama hivyo vya wakulima viliungana mwaka 1955 na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua likawa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Tutazame vema jambo hili. Mkulima hakushinda kwa kupiga kelele. Alishinda kwa kuwa alipata mtu wake ajuaye kusoma mizani. Haki ilipatikana kwa ratili na kwa kalamu. Kwa hiyo anayesema kwamba mwalimu wa hesabu ni anasa ya shule za mijini amesahau historia. Pasipo mtu ajuaye kuhesabu, mfanyakazi hawezi kukagua hati yake ya mshahara, mwanachama hawezi kukagua vitabu vya chama chake cha ushirika, na mzazi hawezi kujua kama fedha za ujenzi wa shule zimekwenda zilikokusudiwa.

Azimio la Musoma na somo lake

Mkoa huo huo wa Mara ndiko ulikotolewa uamuzi mkubwa kupita yote katika historia ya elimu ya nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule ya msingi awe na nafasi darasani. Lengo hilo hapo kwanza lilikuwa limewekewa mwaka 1989. Taifa likajifupishia safari kwa miaka kumi na miwili.

Madarasa yaliweza kujengwa kwa nguvu za wananchi. Walimu je? Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza hata kidogo kutoa idadi iliyotakiwa. Serikali ikatafuta njia isiyopata kujaribiwa nchini kwa kiasi hicho. Kuanzia mwaka 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huko huko vijijini. Walifundisha darasani sehemu ya siku, na sehemu nyingine wakajifunza wao wenyewe chini ya mkufunzi wa kata, kwa masomo ya posta na kwa vipindi vya redio. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma sita, wakafanya mtihani. Kwa njia hiyo nchi ilipata walimu zaidi ya 35,000 katika miaka michache. Wananchi wakawaita walimu wa UPE.

Leo wako watu wanaolitaja jina hilo kwa dharau. Sisi hatukubaliani nao. Mamilioni ya Watanzania wanaosoma gazeti, wanaoandika barua na kupiga kura kwa kujua wanachokichagua, wanawiwa shukrani na vijana hao. Walipewa kazi ya watu wazima wakiwa bado wadogo, nao wakaifanya. Serikali nayo ilionyesha jambo ambalo hatupaswi kulisahau: kwamba nchi maskini ikiamua kwa dhati, yaweza kusomesha jeshi zima la walimu.

Lakini ukweli una pande mbili. Mwalimu aliyepatikana kwa haraka aliweza kufundisha kusoma na kuandika, na aliweza kufundisha kujumlisha na kutoa. Ilipofika kwenye sehemu, uwiano na aljebra, wengi walisimama mahali walipokuwa wamesimamishwa na elimu yao wenyewe. Hilo si kosa lao. Mtu hawezi kukuvusha mto ambao yeye mwenyewe hajauvuka. Na mtoto aliyekosa kuzielewa sehemu katika darasa la tano huiogopa Fizikia katika kidato cha pili; aliyeiogopa Fizikia katika kidato cha pili hawi mwalimu wa Fizikia. Hivyo upungufu wa kizazi kimoja huwa urithi wa kizazi kinachofuata.

Haraka iliyorudiwa

Jambo hili lilijirudia tulipofika kwenye elimu ya sekondari. Kwa mpango wa shule za kata, idadi ya shule za sekondari ilipanda kutoka pungufu ya 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia, maana watoto wa wavuvi na wakulima, ambao zamani sekondari kwao ilikuwa ndoto, sasa waliipata karibu na nyumbani. Lakini mwalimu hajengwi kwa matofali. Ili madarasa yasikae bure, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa kufundisha. Wananchi, kwa utani wao usiokosa ukali, wakawaita Voda fasta.

Mavuno yake tuliyaona. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Tume ikaundwa, na matokeo yenyewe yakafutwa na kupangwa upya. Wakati huo huo, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete la mwezi wa Novemba 2012, kila shule ya kata ilitakiwa kuwa na maabara tatu, yaani ya Fizikia, ya Kemia na ya Biolojia. Wananchi walichangia mchanga, mawe na fedha. Maabara nyingi zikasimama. Lakini maabara isiyo na mwalimu ni ghala tu, na mara nyingi ghala lenyewe ni tupu.

Mwaka 2014 Serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya walimu wa sayansi na Hisabati, kwa vijana waliotoka kidato cha nne, nao wakasomeshwa kwa mikopo ya Serikali. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mwezi wa Mei 2016, baada ya mgogoro uliosimamisha masomo, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliambiwa waondoke chuoni. Baadaye walichambuliwa: wenye sifa wengi wao walihamishiwa vyuo vya ualimu vya Serikali, baadhi wakaendelea hapo hapo Dodoma, na wasio na sifa wakaambiwa watafute njia nyingine. Kwa kijana aliyeaga kwao kijijini kwa ngoma na sherehe, kurudi na sanduku lake katikati ya mwaka ni fedheha isiyosahaulika upesi.

Twayataja haya si kwa kumlaumu fulani wala fulani. Twayataja kwa kuwa yote yanasema neno moja: mwalimu wa hesabu na sayansi haoti kama uyoga baada ya mvua. Huoteshwa kama mwembe, na anayetaka kula maembe sharti apande mapema na kumwagilia kila mwaka, hata mwaka usio na matunda.

Hesabu ya mwalimu mmoja

Hebu tufanye hesabu wenyewe, maana somo lenyewe ni hesabu. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza mwezi wa Januari 2025 atamaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2028. Akichaguliwa kuendelea, atamaliza kidato cha sita mwaka 2031. Akisomea shahada ya ualimu kwa miaka mitatu, atakuwa tayari kusimama mbele ya ubao mwaka 2034. Hiyo ndiyo njia ya kawaida, pasipo kurudia darasa wala kukosa ada. Kwa hiyo mwalimu wa Fizikia tutakayemhitaji Guta mwaka 2034 yumo darasani tayari. Swali ni moja tu: je, darasa lake lina mwalimu wa Fizikia?

Tuendelee. Mwalimu mmoja akipokea wanafunzi wapya 80 kila mwaka, na akatumika kwa miaka 30, atakuwa amefundisha watu 2,400. Miongoni mwao akipata hata wawili kwa kila mia wenye kupenda somo lake kiasi cha kulifundisha, ameacha walimu 48 nyuma yake. Ndiyo sababu fedha ya kumsomesha mwalimu si kama fedha ya kununua gari. Gari huchakaa tangu siku linunuliwapo, mwalimu huzaa. Fedha hiyo ni mbegu. Na mkulima wa Mara, hata mwaka wa njaa, ajua kwamba mwenye kula mbegu amekula mwaka ujao.

Lakini hesabu hiyo hufanya kazi kwa upande wa pili pia. Shule ikikaa bila mwalimu wa Hisabati kwa miaka mitano, haijapoteza mtu mmoja bali mamia, na pamoja nao walimu ambao wangetoka miongoni mwao. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, ni takribani mtahiniwa mmoja katika kila watano aliyefaulu Hisabati. Mwaka 2023 akawa takribani mmoja katika kila wanne. Kupanda huko ni kwa kushukuriwa. Hata hivyo, nchi ambayo watoto watatu kati ya wanne huiacha sekondari wakiwa wameshindwa Hisabati haiwezi kuokota walimu wa Hisabati njiani. Sharti iwatafute, iwalipie, na iwatunze.

Msaada uliopo na pengo lililobaki

Si haki kusema kwamba Serikali imekaa kimya. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 upo Ufadhili wa Samia, unaowalipia vijana waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita ili wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Kuanzia mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na ualimu wa sayansi na Hisabati umehesabiwa miongoni mwa fani hizo. Hili la pili ni jambo kubwa kwa mtoto wa Guta. Mwana wa mvuvi mara nyingi hana mali ya kumfikisha Chuo Kikuu, lakini chuo cha ualimu chaweza kuwa ndicho mlango wake. Mkoani kwake mna vyuo vya ualimu vya Serikali vya Bunda na Tarime. Na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, pamewekwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake.

Pengo liko wapi, basi? Liko mahali pawili. Kwanza, kijana mwenye alama nzuri za Fizikia na Kemia huitwa na wengi. Udaktari wamwita, uhandisi wamwita, migodi na makampuni ya simu yamwita. Ualimu nao humwita, lakini kwa sauti ya chini. Ufadhili unaomlipia mwanafunzi wa sayansi bila kumwelekeza darasani huzaa wahandisi na madaktari, ambao twawahitaji sana, lakini hauzibi pengo la ubao.

Pili, mkopo ni deni. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mbali kando ya ziwa, anayekodi chumba na kulipa nauli kwenda benki mjini, hukatwa sawasawa na mwenzake aliyebaki mjini mwenye fursa ya kufundisha masomo ya ziada jioni. Hapo tusishangae akitafuta uhamisho kabla chaki yake haijaisha.

Wengine walivyofanya

Si vibaya kutazama kwa wenzetu, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha angani mwezi wa kutengenezwa na mikono ya binadamu, Sputnik, na Marekani ikaingiwa na wasiwasi juu ya shule zake. Mwaka uliofuata, 1958, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwakopesha wanafunzi wa vyuo, yenye kifungu cha busara: aliyekopa kisha akawa mwalimu wa shule za umma alisamehewa sehemu moja ya kumi ya deni kwa kila mwaka wa kufundisha, hadi kufikia nusu. Mwaka 2002 wakaongeza mpango mwingine, uitwao kwa jina la Robert Noyce, kwa walimu wa sayansi na hisabati. Huyo analipiwa masomo, naye kwa kila mwaka aliolipiwa hufundisha miaka miwili katika wilaya zenye uhitaji. Asipotimiza, zawadi hugeuka kuwa deni.

Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, walianza katika wilaya tisa mpango wa kuwanoa walimu wa Hisabati na sayansi waliokwisha kuwa kazini, na kuanzia mwaka 2003 ukaenea nchi nzima. Walimu hukutana wakati wa likizo, wakafundishana kufanya majaribio kwa vitu vinavyopatikana karibu, ili ukosefu wa vyombo vya dukani usiwe kisingizio cha kufundisha kwa kukaririsha.

Uganda nayo ilijaribu mshahara. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa malipo hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na mwenzake wa lugha na historia akaachwa chini sana. Mwezi wa Juni mwaka huo walimu wakagoma. Hapo pana onyo kwetu sisi tunaojua maana ya umoja wa wafanyakazi: walimu wawili wanaogawana ofisi moja na watoto wale wale hawawezi kujenga shule moja ikiwa mmoja ameambiwa kwamba kazi yake ni ya thamani na ya mwenziwe ni ya kubahatisha.

Hoja za wapinzani

Wako watakaouliza: kwa nini wasaidiwe walimu wa sayansi tu? Je, Kiswahili, historia na uraia si elimu? Ni elimu, tena ya msingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipotoka Makerere alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, Biolojia na Kiingereza. Hakuona kwamba somo moja ni adui wa jingine. Lakini msaada wa Serikali hauendi palipo na heshima zaidi. Huenda palipo na upungufu zaidi. Daktari hagawi dawa sawasawa kwa mgonjwa na kwa mzima. Leo wako wahitimu wengi wa ualimu wa masomo ya sanaa wanaosubiri ajira, na wakati huo huo shule zatafuta mwalimu wa Fizikia kwa tochi. Kumsomesha kijana mahali ambapo kazi yamngoja ni kumtendea haki yeye na mlipa kodi pia.

Wengine watasema kwamba masharti ya kutumikia ni utumwa. Twawauliza: ni nani alipaye? Kodi inayokatwa kwenye mshahara wa kuli wa bandarini na mwashi wa barabara, na ushuru anaotozwa mvuvi mwaloni, ndizo zinazomlipia mwanafunzi kitanda na kitabu. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, vijana waliosomeshwa na Serikali walitia sahihi mkataba wa kuitumikia nchi kwa miaka kadhaa, wala hawakuona aibu. Kupokea na kurudisha ni adabu ya kwetu tangu zamani. Utumwa ungekuwa kumpeleka mtu porini bila nyumba, bila vitabu na bila mwisho wa mkataba, kisha kumlaumu akichoka.

Yatupasa kufanya nini

Kwa maoni yetu, mambo manne yatoshea kuanzia.

La kwanza ni mkopo wa ualimu wa Hisabati, sayansi na ufundi uwe deni linalopungua kwa utumishi. Kwa kila mwaka mwalimu akaao katika shule yenye upungufu, sehemu ya deni lake ifutwe. Mshahara usitofautishwe na wa mwenziwe wa somo jingine. Kinachofutwa ni deni, tena kwa sababu ya mahali na kazi. Hivyo tutapata faida iliyotafutwa na Uganda pasipo ugomvi wake.

La pili, wachaguliwe vijana kutoka mahali penye uhitaji. Mtoto wa ziwani aliyezoea dhoruba na mbu haogopi kupangiwa ziwani. Walimu wakuu wawatambue tangu kidato cha tatu wenye kipaji na moyo wa kufundisha, wasingoje matangazo ya magazetini ambayo kijijini hufika yamechelewa.

La tatu, ufundi usisahauliwe. Musoma inayo shule ya sekondari ya ufundi ya tangu zamani, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Lakini amali haifundishwi kwa maneno. Anayefundisha umeme awe amekwisha kushika waya, na anayefundisha uvuvi awe amekwisha kupanda mtumbwi. Chuo cha walimu wa ufundi kilichopo Morogoro hakiwezi peke yake kubeba mzigo wa nchi nzima.

La nne, mwalimu aliyepatikana atunzwe. Nyumba, maji, umeme wa kuendeshea maabara, na mafunzo ya kunolewa kila likizo si hisani bali ni vitendea kazi, kama nyavu zilivyo kwa mvuvi. Hapa wananchi nao wanayo sehemu yao. Kijiji kilichoweza kubeba mawe ya maabara chaweza pia kuisimamisha nyumba ya yule atakayeifungua maabara hiyo.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wizara peke yake. Mwanachama katika tawi lake, mfanyakazi katika mkutano wa chama chake cha wafanyakazi, na diwani katika baraza lake, kila mmoja aweza kuuliza swali jepesi ambalo mara nyingi haliulizwi: shule yetu ya kata ina walimu wangapi wa Hisabati, wa Fizikia na wa Kemia, na vijana wangapi kutoka kwetu wamo vyuoni wakisomea masomo hayo? Namba mbili tu zatosha. Ya kwanza yaonyesha tulivyo leo. Ya pili yaonyesha tutakavyokuwa baada ya miaka kumi. Zikiandikwa ubaoni ofisini kwa kata na kusomwa kila mwaka mbele ya watu, hapana atakayeweza kuzikwepa.

Mwaka 1974 viongozi waliokutana Musoma waliulizwa na nyakati zao: je, kila mtoto ataingia darasani? Wakajibu, ataingia, na ahadi hiyo ikafanyiwa kazi. Nyakati zetu zauliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: akiisha kuingia, atamkuta nani? Wazee wa nchi ya pamba waliposimamisha mpimaji wao mbele ya mizani, walijua kwamba haki ya mtu asiyejua hesabu imo mikononi mwa mtu mwingine. Wajukuu wao wa Guta wanastahili kuwa na haki yao mikononi mwao wenyewe. Na mkono huo hufunzwa na mwalimu, na mwalimu husomeshwa na taifa. Tupande sasa, kwa kuwa mwaka 2034 hauko mbali.